Asiyekuwapo na Lake Liwepo: Mikutano ya Majengo na Haki ya Kushiriki kwa Simu

Wahenga wetu walisema kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii ilikusudiwa kumwonya mvivu na mwenye kupuuza, yule ambaye baraza lilimngoja naye akachagua kubaki kwake. Katika miji yetu ya leo, hata hivyo, methali hiyo imegeuzwa kuwa kanuni ya kuendeshea majengo, na kanuni hiyo imekuwa ikiwanyima haki watu ambao kutokuwapo kwao hakukutokana na uvivu hata kidogo.

Kwa miaka mingi nyumba ya Mswahili ilikuwa na mwenyewe mmoja, au ukoo mmoja. Paa likivuja, walioitwa ni ndugu. Walikaa barazani, wakachanga, fundi akaletwa. Leo familia zetu nyingi, kuanzia Kizingo na Tudor hadi Nyali na Bamburi, zinamiliki fleti ndani ya ghorofa. Mlango ni wako peke yako, lakini ngazi, paa, tangi la maji, pampu, lifti, geti na uwanja wa kuegesha magari ni vya wote. Cha wote huamuliwa na wote, na mahali pa kukiamua ni mkutano wa wenye nyumba. Hapo ndipo inapopangwa ada ya kila mwezi. Hapo huchaguliwa kamati. Hapo huamuliwa kama kichimbwe kisima au maji yaendelee kununuliwa kwa maboza, na kama bawabu aongezwe mshahara au atafutwe mwingine.

Atakayekosa mkutano huo atalipa sawa na aliyehudhuria. Ankara haiulizi ulikuwa wapi.

Ni nani wanaokosa?

Tukiziangalia orodha za mahudhurio za majengo tunayoyafahamu, tunakuta kwamba wanaokosa si watu wa namna moja. Yumo mjane aliye katika eda, ambaye kwa miezi 4 na siku 10 amejifungia nyumbani kwake kwa kuitii dini yake. Yumo mzazi ambaye hajatimiza arobaini, na mwingine aliyetimiza lakini hana wa kumwachia mtoto saa mbili za usiku, wakati ambao mikutano mingi huitishwa kwa kuwa ndio wakati wanaume wametoka msikitini baada ya Isha. Yumo bibi wa ghorofa ya nne ambaye magoti hayampi ruhusa ya kushuka na kupanda. Yumo binti anayemuuguza mama yake. Wamo pia vijana wetu walioko Muscat, Dubai, Jeddah na Doha, wengi wao wakiwa ndio waliotoa fedha za kununulia fleti wanazokaa wazazi wao. Na wamo ndugu zetu wa London na Toronto wanaolipa ada kila mwezi bila kukosa, na ambao hawajawahi kuulizwa neno.

Kwa jicho la haraka mtu atasema hawa ni wachache. Lakini katika jengo lenye fleti 20 au 30, watu wa namna hiyo wakiwa sita au saba, wanatosha kabisa kugeuza matokeo ya kura. Zaidi ya hayo, kuna jambo ambalo sisi kama familia za Kiislamu hatuna budi kulitazama kwa makini: sehemu kubwa ya waliotajwa hapo ni wanawake, na wengi wao ni wamiliki kwa haki yao wenyewe. Wamerithi kwa wazazi, wamerithi kwa waume, au wamenunua kwa jasho lao. Mirathi ikishagawanywa na jina la mwanamke likaandikwa katika hati, haki yake haiishii kwenye karatasi. Mali isiyo na sauti huliwa polepole, ada baada ya ada, azimio baada ya azimio, na mwenyewe akiwa hai.

Simu iliyolazwa mezani

Yako yaliyotokea katika jengo moja mjini Mombasa, nasi tunayasimulia bila kulitaja jengo wala watu wake. Kamati ilipata ombi la kukodisha paa ili juu yake usimamishwe mnara wa mawasiliano. Kodi iliyotajwa ilikuwa nzuri, nayo ingepunguza ada ya kila fleti. Mkataba ulipendekezwa uwe wa miaka 15. Fleti iliyo chini kabisa ya paa hilo, ambayo dari yake ilikuwa imekwishaanza kuvuja, ni ya mjane ambaye siku hiyo alikuwa katika mwezi wa pili wa eda yake.

Mama huyo hakunyamaza. Alimpigia katibu na kuomba aingizwe mkutanoni kwa simu, na katibu akakubali kwa moyo mkunjufu. Simu ikapigwa, ikalazwa juu ya meza kati ya birika la chai na daftari la mahudhurio, feni ikizunguka juu yake. Alichokisikia kule ghorofani kilikuwa mvumo na vicheko. Mara tatu alisema, "Bwana Mwenyekiti, naomba kusema." Hakuna aliyesikia. Kisha simu ikakatika, na hakuna aliyeona kuwa imekatika.

Kumbukumbu za mkutano zilipotoka, ziliandika kwamba azimio limepita bila kupingwa, na kwamba mwanachama mmoja alihudhuria kwa njia ya simu na hakuwa na pingamizi.

Hebu tuyatafakari maneno hayo. Lau asingepiga simu kabisa, angeandikwa kuwa hakuwapo, na mlango wa kulalamika ungebaki wazi. Kwa kupiga, aliandikwa kuwa alikubali. Simu ambayo ingembebea sauti yake ilitumiwa kuwa ushahidi dhidi yake.

Alhamdulillahi, jambo hilo lilisahihishwa. Mkwewe alimwandikia mwenyekiti barua ya heshima, wazee wawili wa jengo wakaingia kati, na mkutano ukaitishwa upya. Mara hii simu iliunganishwa na spika, na kijana mmoja akapewa kazi ya kuishika na kuisikiliza. Mama alizungumza kwa dakika nne. Hakupinga mnara. Alitaka mambo mawili: paa litengenezwe kwanza kwa kodi ya miezi ya mwanzo, na mkataba uwe wa miaka 5, unaoweza kuongezwa baada ya wenye nyumba kukutana tena. Ombi la kwanza lilikubaliwa na wote. La pili lilipigiwa kura, akashindwa. Wengi walichagua miaka 10. Alisema, "Nimeridhika, maana nimesikilizwa." Paa likatengenezwa kabla ya masika.

Sheria inasemaje?

Wengi hudhani kwamba kushiriki kwa simu ni hisani ya mwenyekiti. Ukweli ni kwamba jambo hili lina mizizi katika sheria za nchi, ijapokuwa mizizi hiyo inatofautiana kulingana na namna jengo lilivyosajiliwa. Kwa hiyo swali la kwanza la kila mwenye nyumba ni hili: jengo letu linaendeshwa chini ya sheria gani?

Yako majengo ambayo wenye fleti ni wanahisa wa kampuni ya usimamizi, kila fleti na hisa yake. Hayo yako chini ya Sheria ya Kampuni ya mwaka 2015. Sheria hiyo ilirekebishwa mwaka 2021, na marekebisho yakaruhusu waziwazi mikutano inayofanyika kwa njia ya mtandao, pamoja na mikutano mseto, yaani wengine wakiwa ukumbini na wengine wakijiunga kutoka mbali. Taarifa ya mkutano wa aina hiyo inapaswa kueleza njia ya kujiunga. Mwanahisa asiyeweza kuhudhuria ana haki pia ya kumteua mwakilishi wa kumpigia kura.

Yako majengo mengine yaliyosajiliwa chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2020, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1987. Chini ya sheria hiyo kila mwenye fleti ana hati yake mwenyewe, na wenye fleti wote kwa pamoja huwa shirika moja lenye kamati ya usimamizi, kanuni zake, na njia ya ndani ya kusuluhisha migogoro. Hapa kanuni za jengo ndizo za kusomwa kwanza. Iwapo hazikutaja simu, basi wenye nyumba wazirekebishe kwa utaratibu uliowekwa, badala ya kutegemea wema wa kamati iliyopo, ambayo kesho itaondoka na kuja nyingine.

Namna ya tatu ni vyama vya wakaazi wa mitaa, ambavyo mara nyingi husajiliwa chini ya Sheria ya Vyama. Navyo vina katiba zao, na katiba hizo hubadilishwa na wanachama wenyewe.

Hatusemi haya ili watu wakimbilie mahakamani. Twayasema ili anayeomba asione haya kuomba, na anayeombwa asidhani anaombwa jambo la ajabu. Ugonjwa wa korona ulipoingia mwaka 2020, Mahakama Kuu iliziruhusu kampuni zilizoorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi kufanya mikutano yao mikuu kwa njia ya mtandao. Maelfu ya wanahisa, wakiwamo wenye simu za kabambe zisizo na intaneti, walijisajili na kupiga kura kwa kubonyeza namba fupi. Ikiwa kampuni zenye wanahisa waliotawanyika nchi nzima ziliweza, jengo la fleti 24 halina udhuru.

Na kwetu sisi jambo hili lina mizizi mirefu zaidi ya sheria za nchi. Qur'ani Tukufu ina sura iitwayo Ash-Shura, yaani mashauriano. Ina pia sura iitwayo Al-Mujadila, iliyopata jina kwa mwanamke aliyekwenda kwa Mtume (s.a.w.) kushtakia jambo la nyumba yake, akajadiliana naye, na shauri lake likasikilizwa. Mashauriano yasiyomfikia mwenye kuguswa na jambo yana upungufu, hata kama ukumbi umejaa.

Utaratibu unaofaa

Kisa cha mnara kinatufunza kwamba kuiwasha simu hakutoshi. Bila utaratibu, simu ni pambo la mezani. Tumekusanya hapa mambo ambayo majengo yaliyofanikiwa yanayazingatia, na ambayo hayahitaji gharama kubwa.

Kwanza, taarifa. Ajenda itumwe siku kadhaa kabla, kwa Kiswahili chepesi, pamoja na hesabu na mikataba itakayojadiliwa. Aliye mbali hawezi kumchungulia jirani karatasi. Hesabu zikigawiwa mlangoni, yeye atakuwa anapigia kura asichokiona. Anayetaka kujiunga kwa simu amwarifu katibu mapema na aeleze namba atakayotumia.

Pili, njia ya kuunganisha. Iwapo ni mtu mmoja au wawili, simu ya kawaida inatosha. Simu nyingi huweza kuunganisha watu wachache, kwa kawaida wasiozidi watano, bila intaneti. Wakizidi hapo, simu ya kundi ya WhatsApp hubeba watu 32. Zoom isiyolipiwa hukatika baada ya dakika 40, kwa hiyo kamati inayoitumia ijipange kuunganisha tena au ilipie. Video haihitajiki. Mwanamke aliye nyumbani kwake asilazimishwe kufungua kamera, kwani mkutano unahitaji rai yake, na sauti inatosha kuifikisha.

Tatu, mshika simu. Achaguliwe mtu mmoja ambaye kazi yake ni hiyo tu. Yeye ndiye atakayehakikisha simu ina chaji na spika imeunganishwa, na kwamba iko karibu na mwenyekiti na mbali na feni. Awe na pawabenki, maana stima zetu hukatika. Akisikia mtu wa simuni anaomba kusema, anyooshe mkono kwa niaba yake.

Nne, kuitana kwa majina. Mkutano ukianza, mwenyekiti awaite wa simuni mmoja mmoja, nao wajibu, na katibu aandike saa waliyojiunga. Kila anayesema ukumbini ataje jina lake kwanza. Kabla ya kufunga kila ajenda, mwenyekiti awaulize wa simuni kwa majina kama wana neno. Kwa njia hii wahesabiwe pia katika akidi, ikiwa kanuni za jengo zinaruhusu.

Tano, kura. Wa simuni waulizwe mwanzo, kabla mikono ya ukumbini haijanyooshwa, wasije wakafuata mkumbo wa sauti wasizozijua. Kura yao itamkwe na iandikwe: nakubali, napinga, au sichagui. Kunyamaza kusihesabiwe kuwa kukubali. Tunaomba kanuni hiyo iandikwe kwa wino mzito katika kila jengo.

Sita, kukatika. Simu ikikatika wakati wa ajenda yenye kura, mkutano usubiri dakika tano na kujaribu tena. Isiporudi, katibu aandike saa iliyokatika, na mtu huyo asihesabiwe upande wowote katika kura zilizofuata.

Saba, kumbukumbu. Zitumwe kwa wote ndani ya wiki moja, nao wa simuni wapewe nafasi ya kusahihisha yaliyoandikwa kwa jina lao. Ikiwa mazungumzo yatarekodiwa, watu waambiwe mwanzoni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamlinda mtu katika taarifa zake, na sauti yake ni miongoni mwa hizo.

Kuhusu saa, baada ya Alasiri kunafaa kuliko usiku. Mkutano wa saa kumi jioni Mombasa ni saa kumi vilevile Jeddah na Doha, na saa kumi na moja Muscat na Dubai. London itakuwa saa saba au saa nane mchana kulingana na msimu, na Toronto saa mbili au saa tatu asubuhi. Ni nadra kupata saa inayowafaa wote hao, nayo humalizika kabla ya adhana ya Magharibi, jambo ambalo pia huwafunza wasemaji kufupisha.

Hoja za wanaopinga

Wako wanaosema kwamba kwa simu hatujui ni nani anayesema. Hoja hiyo ina uzito. Dawa yake ni namba zilizoandikishwa kwa katibu, na katibu ndiye apige, asisubiri kupigiwa. Isitoshe, majirani wa miaka kumi wanajuana kwa sauti.

Wengine husema, si amteue mwakilishi tu? Mwakilishi ni njia njema, na inafaa ibaki. Hata hivyo, mwakilishi hubeba kura iliyoamuliwa jana. Hoja mpya ikizuka ukumbini, hana ruhusa ya kubadili rai, au ataibadili kwa akili yake mwenyewe. Tumeona pia mwanamke akimteua kaka, na kaka akapiga kura kwa maslahi ya duka lake lililo chini ya jengo lilelile. Mwenye mali akiweza kusema mwenyewe, aseme mwenyewe.

Wako wanaohofia kura ya siri, hasa katika kuchagua kamati. Hapa simu ina upungufu wa kweli. Njia iliyo karibu ni wa simuni kumtumia ujumbe mtu mmoja mwaminifu ambaye si mgombea wala jamaa wa mgombea, naye aziandike kura hizo kwenye karatasi na kuzichanganya na nyingine. Asiyeridhika na njia hiyo amteue mwakilishi kwa ajenda hiyo pekee.

Mwisho wako wanaosema kwamba watu wakizoea simu, hakuna atakayekuja, na ujirani utakufa. Hofu hii tunaishiriki, kwani mkutano ni pia mahali pa kujuliana hali, na kikombe cha kahawa hakipiti katika waya. Ndiyo maana tunapendekeza simu iwe ya mwenye udhuru, na jengo lenyewe liorodheshe nyudhuru zake: maradhi, eda, uzazi, uuguzi, safari, umri. Aliye mzima na yuko ghorofa ya pili, na ashuke.

Neno kwa wenye fleti za urithi

Fleti ikiwa bado ni ya warithi kadhaa kwa pamoja, kura yake ni ya pamoja. Warithi wakiingia katika simu wanne, kila mmoja na kauli yake, wataudhoofisha upande wao wenyewe na kuuchosha mkutano. Wakutane kabla, wamchague msemaji mmoja, na uteuzi huo waupeleke kwa katibu kwa maandishi. Akina dada wasiachwe nje ya kikao hicho cha kifamilia kwa kisingizio kwamba wameolewa na wanakaa kwa waume zao. Fungu lao liko palepale waliko wao, na waliposikilizwa nyumbani ndipo watakaposikilizwa na jengo.

Mikutano mikuu ya mwaka katika majengo mengi inakaribia. Tunawaomba wasomaji wetu, hasa akina mama wenye hati kwa majina yao, waandike barua fupi kwa makatibu wao wiki hii, wakiomba ajenda moja iongezwe: kanuni ya kushiriki kwa simu kwa wenye udhuru. Waeleze kwa upole, wataje sheria inayolihusu jengo lao, na wajitolee kusaidia kupata spika. Na wale walio katika kamati, wakipokea barua hiyo, wasiione kuwa ni shaka juu ya uaminifu wao. Amana waliyoibeba itakuwa nyepesi mabegani mwao ikiwa kila mwenye haki amesema lake. Mwenyezi Mungu azibariki nyumba zetu na azijaalie kuwa za masikilizano. Amin.